Bita ya Uingereza na Waonjaji Wake

Bita ni bia ya Kiingereza ya jamii ya eli. Hupikwa kwa kimea cha shayiri, maji na hopsi, huchachushwa kwa hamira inayopenda joto la kadiri, kisha humalizia kuchachuka ndani ya pipa lilelile litakalofunguliwa baa. Rangi yake huanzia ya asali hadi ya shaba. Kileo chake mara nyingi ni kati ya asilimia 3.5 na 5, gesi yake ni kidogo, na hunywewa ikiwa kwenye nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi. Mnywaji wa Afrika Mashariki aliyezoea lager, ambaye mhudumu humuuliza kama anataka ya baridi au ya moto, ataona kwamba bita si hii wala ile. Hata hivyo hakuna sifa hata moja kati ya hizo iliyotokea kwa bahati. Uchungu, rangi, ung'avu, nguvu ndogo na ubaridi wa wastani viliingia kila kimoja kwa wakati wake na kwa sababu yake, na anayekaa leo kuihukumu bita hutumia vipimo vilivyoachwa na watu wa kila aina: mabaraza ya vijiji, watoza ushuru, wakemia, na wanywaji waliochoka kuuziwa bia isiyo na uhai.

Katika zama za kati eli ilikuwa kinywaji cha kila siku cha mkubwa na mdogo, na waliopika kwa wingi walikuwa wanawake majumbani mwao. Haikuwa na hopsi. Ilikuwa kimea, maji na hamira, pengine na majani ya kunukia, na baada ya siku chache iligeuka siki. Mama aliyepika eli ya nyumba yake aliwauzia majirani iliyozidi. Yake ikiisha, jirani akapika naye akauza. Biashara ya namna hiyo, yenye wauzaji wengi wadogo wasio na duka wala chapa, ilihitaji mtu wa kusimama kati ya muuzaji na mnunuzi.

Sheria ndiyo iliyomweka mtu huyo. Amri ya Mkate na Eli, ya miaka ya 1266 na 1267 katika utawala wa Henry III, ilifunga bei ya eli kwenye bei ya nafaka: nafaka ikipanda, eli iliruhusiwa kupanda kwa kiwango kilichowekwa, wala si zaidi. Mabaraza ya vijiji na miji yaliteua waonja pombe na kuwaapisha. Mama aliyekuwa na eli tayari alisimika mlangoni mti wenye kitita cha matawi mabichi, na hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya kuita wanunuzi na mwonjaji pia. Mwonjaji alikuja, akanywa, akakagua kama vipimo vya muuzaji vilikuwa halali, kisha akaamua kama eli ile iuzwe kwa bei ya kawaida, iteremshwe bei au izuiwe kabisa. Aliyeuza kabla ya kuonjwa, au aliyetumia kikombe kisichojaa kipimo, alipelekwa barazani. Faini zilikuwa ndogo na nyingi, na majina yaleyale ya wanawake hurudi kwenye vitabu vya mabaraza msimu baada ya msimu, hata faini ikawa kama leseni ya kuuzia.

Kazi hiyo ilidumu kwa karne nyingi. Mwaka 1556 mji wa Stratford-upon-Avon ulimteua John Shakespeare, mtengenezaji wa glavu, kuwa mmoja wa waonjaji wake. Mwanawe William alizaliwa miaka minane baadaye. Jiji la London lina waonjaji wanne wa cheo hicho mpaka leo, ingawa kazi yao ni ya heshima tu. Ipo hadithi inayopendwa sana kwamba mwonjaji alimwaga eli kwenye benchi, akaikalia akiwa amevaa suruali ya ngozi, na suruali ikinata alijua kwamba utamu haujaisha kugeuka kileo. Hakuna maandishi ya zama zile yanayoithibitisha, na kusema kweli haihitajiki. Mtu aliyeonja eli ya kijiji kizima wiki baada ya wiki alikuwa na ulimi wa kumtosha.

Alichokitafuta ulimi huo kinajulikana kwa kiasi fulani. Andrew Boorde, tabibu aliyechapisha kitabu cha ulaji na afya mwaka 1542, aliandika kwamba eli njema iwe mbichi na iwe safi machoni, isivutike kama ute, isinuke moshi, na isinywewe kabla ya kutimiza siku tano. Orodha hiyo fupi ni mwongozo wa mwonjaji uliokamilika. Eli ya kuvutika ilikuwa imeingiliwa na bakteria. Moshi ulitoka kwenye kuni na majani makavu yaliyotumika kukaushia kimea. Siku tano zilitosha hamira kumaliza kazi na kutua chini. Mwanzoni mwa karne ya 15, huko Lynn katika Norfolk, Margery Kempe alipika eli kwa miaka mitatu au minne mpaka akala hasara kubwa. Katika simulizi ya maisha yake anaeleza jinsi povu la hamira lilivyokuwa likisimama vizuri kabisa juu ya eli, kisha ghafla likaanguka, na eli yote ikapotea. Watumishi wake waliona aibu wakamwacha. Yeye akaamini kwamba ni adhabu ya Mungu kwa kiburi chake. Mpikaji wa leo angesema hamira ilikufa au ilizidiwa na vijidudu vingine, lakini ishara ya kutazama ni ileile: povu linaposhuka kabla ya wakati wake, ndani kuna jambo.

Hopsi zilikuja kutoka ng'ambo ya bahari. Ni maua ya mmea unaotambaa juu ya miti na kamba, yenye unga wa manjano uliojaa utomvu mchungu na mafuta ya kunukia. Wafanyabiashara wa Flanders na Uholanzi walianza kuleta bia ya hopsi kwenye bandari za kusini mwa Uingereza mnamo mwaka 1400 hivi, na katika karne ya 16 wakulima wa Kent walikuwa tayari wanazilima wenyewe. Kwa muda mrefu vinywaji viwili viliishi upande kwa upande, eli isiyo na hopsi na bia yenye hopsi, na Boorde yuleyule aliiona bia kuwa kinywaji cha Waholanzi, kisichomfaa Mwingereza. Bia ilishinda kwa sababu ilikaa muda mrefu bila kuharibika: utomvu wa hopsi huzuia bakteria wengi wanaoharibu pombe. Tena uchungu una kazi yake mdomoni. Wachaga hutia gome la msesewe katika mbege, na anayejua tofauti ya mbege yenye msesewe na togwa tupu ataelewa mara moja Waingereza walipata nini. Utamu wa kimea ukiachwa peke yake hukinaisha. Uchungu huuwekea mpaka.

Mwaka 1710 serikali iliweka ushuru juu ya hopsi na, ili usikwepwe, ikakataza kitu kingine chochote cha kutia uchungu katika bia ya kuuza. Ushuru huo ulifutwa mwaka 1862. Kwa muda wa karne moja na nusu, basi, hazina ya taifa ndiyo iliyolinda ladha: uchungu halali ulikuwa uchungu wa hopsi peke yake. Ni vizazi vilivyolelewa katika sheria hiyo vilivyojenga mazoea ya ulimi ambayo bita iliyarithi.

Rangi nayo ilitokana na mafuta ya moto. Kimea kilichokaushwa kwa kuni kilitoka cha kahawia na chenye moshi. Katika karne ya 17 wakaushaji wa Derbyshire walianza kutumia koki, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza mpaka moshi na salfa vikatoka, na moto wake safi uliodhibitika ukatoa kimea cheupe. Eli iliyopikwa kwa kimea hicho ilionekana nyeupe kwa kulinganishwa na nyingine, ingawa machoni ni ya rangi ya kaharabu. Ilikuwa ghali, na kwa karne nzima iliyofuata ilibaki kinywaji cha wenye nafasi, huku wafanyakazi wa London wakinywa porta, bia nyeusi iliyopikwa katika viwanda vikubwa sana kwa nyakati hizo.

Mji ulioipa eli nyeupe heshima yake ni Burton upon Trent, katika Staffordshire. Maji ya visima vya Burton hupita kwenye tabaka za jasi, hivyo yana kalisi na salfeti kwa wingi usio wa kawaida. Kalisi husaidia kimea kutoa sukari na hamira kutua, na salfeti huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu, wenye ncha, usiobaki ukitambaa ulimini. Mpikaji wa London aliyejaribu kutia hopsi nyingi katika maji yake, yaliyokuwa mazuri kwa porta, alipata uchungu mzito wa kukwaruza. Watu wa Burton hawakujua kemia hiyo; walijua tu kwamba eli yao inatoka namna yake.

Mwanzoni soko lao lilikuwa Urusi na nchi za Baltiki, wakipeleka eli tamu, nzito na ya rangi ya kahawia. Vita vya Napoleon na baadaye ushuru mpya wa Urusi wa mwaka 1822 vilifunga njia hiyo. Wakati huohuo, mpikaji Hodgson wa Bow, mashariki mwa London, alikuwa ameshika biashara ya kupeleka India eli nyeupe yenye hopsi nyingi, akawaudhi wakubwa wa Kampuni ya Mashariki ya India kwa masharti yake. Simulizi ya Burton inasema mkurugenzi mmoja wa Kampuni hiyo alimpa mpikaji wa Burton, Samuel Allsopp, chupa ya bia ya Hodgson. Allsopp akaipeleka nyumbani na kumwonjesha msimamizi wake wa kimea, Job Goodhead, ambaye aliitema kwa uchungu wake. Hata hivyo Goodhead alisema anaweza kuipika, na inasemekana alifanya jaribio la kwanza ndani ya birika la chai. Birika hilo lina harufu ya hadithi iliyopambwa. Kutema kunasadikika zaidi. Mtu aliyezoea eli tamu ya Baltiki alikutana na kipimo kipya kabisa cha uzuri, na katika muda wa miaka michache mji wake ukawa unajulikana duniani kwa ladha ileile aliyoitema.

Reli ilifika Burton mwaka 1839, na eli iliyokuwa ikisafiri kwenda Calcutta sasa ilifika London bila shida. Mwaka 1845 ushuru wa kioo ulifutwa, bilauri zikawa rahisi, na mnywaji aliyekuwa akinywea kikombe cha bati au cha udongo akaona kwa mara ya kwanza alichokuwa akikinywa. Hapo ndipo jicho lilipopata kura katika hukumu ya bia. Porta nyeusi ingeweza kuwa na machicha na nani ajue. Eli nyeupe ndani ya kioo haikuwa na pa kujificha. Ni katika muongo huo wa 1840 wanywaji walipoanza kuagiza bita, huku vitabu vya wapikaji vikiendelea kuiandika eli nyeupe.

Umaarufu ulileta tuhuma. Tangu mwaka 1820, mkemia Frederick Accum alipochapisha kitabu chake juu ya vyakula vilivyochakachuliwa, Waingereza walijua kwamba baadhi ya bia zilitiwa mbegu za sumu ili zilevye zaidi. Basi mwaka 1852, mkemia Payen wa Ufaransa aliporipotiwa kusema kwamba striknini inapelekwa Uingereza kutilia uchungu bia, habari ilienea upesi. Ushuru wa hopsi ulikuwa bado upo, na striknini ni chungu kupita kiasi, kwa hiyo shutuma ilikuwa na mantiki. Kampuni ya Allsopp iliwaita Thomas Graham na August Wilhelm Hofmann, wakemia wawili wa London wenye sifa kubwa, wapime sampuli. Hawakukuta sumu yoyote, wakaeleza hadharani njia waliyotumia, na Justus von Liebig wa Ujerumani akaongeza neno lake la kuiunga mkono bia ya Burton. Kampuni ikayatia maneno hayo kwenye matangazo. Lililo muhimu kwa historia hii ni kwamba kwa mara ya kwanza ubora wa bita ulithibitishwa mbele ya umma na maabara, wala si na kinywa cha mwonjaji aliyeapishwa.

Maabara haikutoka tena. Mwaka 1871 Louis Pasteur alitembelea kiwanda cha Whitbread jijini London, akaitazama hamira yao kwa hadubini na kuwaonyesha vijidudu vilivyokuwa vikiiharibu bia. Viwanda vya Burton viliajiri wakemia wao, miongoni mwao Cornelius O'Sullivan wa Bass. Mwaka 1878 C. W. Vincent aliainisha madini ya maji ya Burton, na tangu hapo mpikaji wa mji wowote aliweza kutia jasi katika maji yake na kuukaribia uchungu ule mkavu. Bass yenyewe, iliyoanzishwa na William Bass mwaka 1777, ilikuwa imesajili pembetatu yake nyekundu mwaka 1876 kuwa alama ya biashara ya kwanza kabisa nchini. Chupa zenye pembetatu hiyo zinaonekana hata kwenye kaunta ya baa katika mchoro wa Édouard Manet wa mwaka 1882.

Badiliko kubwa kuliko yote katika ladha lilitokana na haraka. Eli nyeupe ya zamani ililazwa kwenye mapipa ya mbao kwa miezi mingi, hata mwaka, kabla ya kunywewa. Wapikaji walipojua kuitunza hamira, na sheria ya Gladstone ya mwaka 1880 ilipowaruhusu kutumia nafaka nyingine pamoja na shayiri, walianza kupika bita nyepesi ya kuuzwa wiki chache baadaye. Mwaka 1904, N. Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg, Copenhagen, alitangaza kwamba amekitenga kiumbe kinachozipa eli za Kiingereza zilizolazwa harufu yake maalumu. Ni hamira ya pori, akaiita Brettanomyces, yaani kuvu wa Uingereza. Harufu yake hukumbusha ngozi na zizi la farasi. Claussen aliiona kuwa ya lazima kwa eli bora ya Kiingereza. Lakini baa zilikuwa zimeshahamia kwenye bita changa, na baada ya kizazi kimoja au viwili mwonjaji aliyekutana na harufu hiyo aliandika kwamba pipa limeharibika. Mwamuzi wa mwaka 1850 na mwamuzi wa mwaka 1950 wangepewa bilauri moja wangetoa hukumu zinazopingana, na kila mmoja angekuwa na haki kwa wakati wake.

Mashindano rasmi ya viwanda yalianza mwaka 1886 katika maonyesho ya wapikaji jijini London, na waamuzi wakawa wapikaji wenyewe, desturi ambayo mashindano hayo yanaifuata hadi leo. Swali la mpikaji si kama anaipenda bia. Huuliza kama angekubali itoke kiwandani kwake. Ulimi wa kitaalamu ulikuwa umefika mbali, lakini mwaka 1900 ulipata pigo. Katika Manchester na miji jirani watu zaidi ya 6,000 waliugua na wapatao 70 wakafa kwa aseniki iliyokuwa ndani ya bia. Ilitoka kwenye sukari ya kupikia iliyotengenezwa kwa asidi ya salfuriki chafu. Hakuna aliyeionja. Tume ya Kifalme chini ya Lord Kelvin ilichunguza, na tangu hapo usalama ukawa kazi ya kipimo cha maabara, mwonjaji akabakiwa na ladha.

Vita Kuu ya Kwanza vilipunguza nguvu ya bita. Wapikaji wa Uingereza hupima uzito wa maji ya kimea kabla ya kuchachuka, maji matupu yakiwa 1000. Wastani wa bia za nchi uliokuwa karibu 1052 kabla ya vita ulishuka hadi karibu 1030 vita vilipoisha, kwa sababu ya uhaba wa nafaka, ushuru na amri za serikali. Ulipanda tena, lakini haukurudi ulipokuwa. Bita ya kawaida ya asilimia 3.5 hadi 4 ni zao la vita hivyo, na ingekuwa rahisi kuihesabu kuwa hasara. Kumbe udogo huo ndio uliowafunza wapikaji ustadi wao mkubwa. Bia kali huficha makosa nyuma ya kileo na utamu. Katika bia ya asilimia 3.6, kimea kibovu, hopsi za mwaka juzi au hamira iliyochoka huonekana mara moja, na mtu anayekusudia kunywa painti tatu na mwenzake jioni moja hataivumilia kasoro hata ndogo. Painti ni mililita 568. Bita haikutengenezwa kwa ajili ya kuonjwa kwa kijiko.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni kubwa zilimezana mpaka zikabaki chache, nazo zikaamini kwamba pipa lenye hamira hai ni usumbufu. Zilichuja bia, zikaipasha moto kuua hamira, zikaitia gesi ya kaboni na kuipoza katika vyombo vya chuma. Red Barrel ya Watney na Double Diamond zilitangazwa nchi nzima katika miaka ya 1960. Hazikugeuka siki wala hazikutofautiana kutoka baa hadi baa, lakini ubaridi na gesi vilifunika kimea na hopsi. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza waliokuwa likizo Ireland, Michael Hardman, Graham Lees, Jim Makin na Bill Mellor, walianzisha kampeni ya kuitetea eli, inayojulikana sasa kwa kifupi kama CAMRA. Ufafanuzi wao wa eli halisi ulikuwa wa kiufundi: iendelee kuchachuka ndani ya chombo itakachotolewa, na isisukumwe kwa gesi ya nje. Kwa namna hiyo kipimo kikaanzia kwenye pipa kabla hakijafika kinywani. Tangu mwaka 1978 kampeni hiyo huchagua bia bingwa ya Uingereza, na waonjaji hawaambiwi wanakunywa ya nani. ESB ya Fuller's, ya kiwanda cha Chiswick, London, ilikuwa miongoni mwa washindi wa mwaka wa kwanza. Landlord ya Timothy Taylor, ya Keighley huko Yorkshire, bita ya asilimia 4.3, imeshinda mara nne.

Wamarekani waliandika kanuni ambazo Waingereza walikuwa nazo vichwani. Shirika la waamuzi wa bia za nyumbani, BJCP, lililoanzishwa mwaka 1985, hugawa alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na jumla ya mvuto 10. Jedwali lao la mwaka 2021 linaipanga bita katika ngazi tatu: ya kawaida, asilimia 3.2 hadi 3.8, bora, 3.8 hadi 4.6, na kali, 4.6 hadi 6.2. Kanuni hizo zimesaidia sana wapikaji walio mbali na Uingereza. Zina upungufu mmoja, kwamba bia nyingi zinazofika meza hizo hutoka kwenye chupa, wakati bita ni bia ya pipa, na nusu ya ubora wake iko mikononi mwa mwenye baa.

Pipa la kawaida ni la galoni 9, karibu lita 41. Likifika baa hulazwa kwenye kichanja katika stoo ya chini ya ardhi yenye nyuzi 11 hadi 13, likatulia. Kijiti laini hupigwa juu yake ili gesi iliyozidi itoke, kisha kijiti kigumu kikazuia iliyobaki. Hamira hutuliwa chini kwa ute unaotengenezwa kutoka kwenye bondo, mfuko wa hewa wa samaki, kitu ambacho wavuvi wa sangara wa Ziwa Victoria wanakijua vizuri kwa bei yake. Zamani lilitumika la samaki wa Urusi aitwaye stajoni. Ute huo una chaji chanya, hamira ina chaji hasi, zikashikana na kuzama. Pipa likishafunguliwa hewa huingia kila painti inapovutwa kwa pampu ya mkono, na baada ya siku tatu hivi ladha huanza kuchakaa.

Mwonjaji anayeijua kazi huinua bilauri kwanza kwenye mwanga. Bita njema hupitisha mwanga safi, na povu lake hutegemea mahali: kaskazini bia hupitishwa kwenye kichujio chenye matundu madogo kinacholifanya povu kuwa zito kama malai, kusini huachwa jembamba, na mwamuzi wa haki hakati alama kwa desturi ya mtu. Kisha hunusa kabla ya kunywa, kwa sababu pua huchoka upesi. Hopsi za Kiingereza kama Golding na Fuggle hunukia udongo, majani makavu, maua na machungwa kwa mbali. Kimea, hasa cha shayiri ya Maris Otter iliyotolewa miaka ya 1960, hunukia biskuti na mkate uliookwa. Hamira huongeza tunda. Bita ya Burton inaweza kutoa dakika ya kwanza harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Mwonjaji mgeni huiandika kuwa kasoro. Aliyekomaa husubiri, kwa sababu ni salfeti ya visima vya Burton, nayo hupotea.

Mdomoni hutafutwa mpangilio zaidi kuliko nguvu. Kimea hutangulia, tunda hufuata, uchungu huja nyuma ukafagia utamu, na ulimi ubaki mkavu kiasi cha kutaka tena. Harufu ya siagi ni daiasetili, ishara kwamba hamira haikupewa muda wa kusafisha. Kidogo husamehewa, hata kupendwa katika baadhi ya bita, nyingi ni kosa la kiwanda. Tufaha bichi ni bia iliyotolewa mapema. Siki ni pipa lililokaa wazi, karatasi iliyolowa ni hewa na uzee, na kosa hilo mara nyingi si la mpikaji. Kwa hiyo mwamuzi makini huandika hukumu mbili, ya kiwanda na ya baa. Tena hutema mara chache kuliko mwonja divai, kwani sehemu ya uchungu huhisiwa nyuma ya ulimi na kooni, baada ya kumeza.

Vifaa vingine vya ladha hiyo vinaendelea kupungua. Mwaka 1838 ulisajiliwa mtambo wa Burton wa kuchachushia eli katika safu za mapipa ya mbao yaliyounganishwa kwa mabomba, hamira ikipanda na kumwagikia birikani juu yake. Kiwanda cha Marston's, kilichopika bita yake ya Pedigree kwa njia hiyo, ndicho kilichokuwa cha mwisho mjini kuutumia, na mwaka 2024 mitambo yake ilisimamishwa. Safu moja ilihamishiwa kiwanda cha Thornbridge, huko Bakewell katika Derbyshire, ambako inatumika kupikia eli.